Jitambulishe Bila Kutaja Jina

Sehemu ya Saba

Ndugu msomaji, kabla hujaniombea mabaya tena, jua kwamba majina ya watu wote katika sehemu hii nimeyabadilisha. Vijiji nimevibadilisha pia, na kazi za wazazi. Yule wa Makangale hatoki Makangale, na mwenye mashine ya mbao hana hata msumeno. Uangalifu huu nimeupata kwa njia ambayo simtakii hata mwalimu wetu wa nidhamu.

Tena Rumaitha, ambaye haitwi Rumaitha, ameisoma sehemu hii kabla yenu. Amefuta sentensi mbili kwa wino mwekundu. Zilizobaki ameziruhusu.

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita: skuli yetu ya dakhalia, tunakosoma na kulala hukohuko, ililetewa akili bandia iitwayo Msiri. Ilikuwa kishikwambi kimoja na spika yake, ndani ya chumba cha ushauri nasaha. Mwanafunzi anaingia peke yake, anafunga mlango, anaeleza kwa kuandika au kwa kusema yale yaliyomkaa kifuani, na mashine inamjibu kwa upole kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kusomeshwa naye.

Kila mmoja alichota nambari kutoka kwenye pakacha. Bwana Hamzah, mtaalamu aliyeileta kutoka Unguja mjini, alituhakikishia kwamba mfumo wake unafuta kila jina kabla ya kuhifadhi chochote.

Mimi nilichota sabini na saba. Siku mbili nyuma Rumaitha alikuwa amenishinda kwenye mdahalo mbele ya skuli nzima na kuniita redio isiyoshika kituo. Basi niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikajifanya yeye. Niliandika kwamba mimi ni msichana wa Makangale, wa kwa mwenye mashine ya mbao, na kwamba binamu yangu aliyeniposa anafanana na bata mzinga aliyevaa saa.

Nilitoka nikicheka. Hicho kilikuwa kicheko changu cha mwisho kwa muda mrefu.

Alhamisi, Mwalimu Mkuu akawasomea wazazi ripoti ya Msiri. Kurasa sita, bila jina hata moja. Alipofika ukurasa wa tatu akasoma, kwa sauti ileile anayotangazia ratiba ya chakula, kwamba mwanafunzi wa kike kutoka Makangale, binti wa mwenye mashine ya mbao, anamwona mchumba wake kama bata mzinga. Kwamba hataki ndoa hiyo sasa wala baadaye. Na kwamba kuna jambo anamficha baba yake tangu Ramadhani.

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Mzee Nabhan. Makangale nzima ina mashine moja ya kupasulia mbao.

Mzee Nabhan aliinuka, akafunga kitufe cha juu cha kanzu yake, akasema mbele ya watu kwamba Jumapili atakuja na lori kuchukua sanduku la mwanawe. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa uanze na umalizike ndani ya wiki tatu. Nikahi, alisema, haihitaji cheti cha mtihani.

Hapo ndipo nilipowaachieni. Sasa tuendelee, na aliye na chakula mbele yake akisogeze pembeni.

*

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kukiri.

Mwalimu Saada ndiye mwalimu wetu wa ushauri nasaha. Tangu apelekwe semina ya siku mbili Wete, amekuwa pia mlinzi wa taarifa zetu binafsi. Cheti chake kimetundikwa juu ya mlango, ndani ya plastiki, kimeinama kidogo upande wa kulia.

"Mwalimu," nikasema, "ukurasa wa tatu ni mimi."

Hakuinua kichwa. "Wewe ndiye msichana wa Makangale?"

"Kwa siku moja, Mwalimu."

Akaweka kalamu. Akaniambia kwamba tangu asubuhi mimi ni wa tatu kuja kuudai ukurasa ule. Wa kwanza alitaka wasichana wamwone shujaa. Wa pili alitaka afukuzwe skuli kabla ya mtihani wa Fizikia. Akaniuliza mimi nimekuja kwa lipi kati ya hayo mawili.

Nikamwomba afungue nambari sabini na saba, atamkuta bata. Akasema bata huyo sasa anajulikana mpaka Konde, si ushahidi. Nikamwambia aangalie saa: niliandika Jumanne saa nne na robo, zamu ya wavulana.

Akavuta droo ya meza, akatoa kitabu cha semina.

Alinieleza, kwa uvumilivu wa mtu anayejua kwamba mwenzake hastahili, kwamba sheria inampa kila mtu haki ya kuona taarifa zake mwenyewe, kuzisahihisha, na kutaka zifutwe. Lakini hawezi kufungua faili kwa sababu mtu amesema ni lake. Maombi yaandikwe. Na aliye chini ya miaka kumi na minane, fomu itiwe saini na mzazi au mlezi.

Niliposikia neno mzazi, mapenzi yangu kwa sheria yakapungua.

"Kwa hiyo, Mwalimu, mimi niliyesema uongo nalindwa. Na yeye aliyesingiziwa?"

Alikifunga kile kitabu taratibu. "Naye analindwa," akasema. "Ila sisi tulikwisha kuisoma kwa sauti."

Nilimwona akikitazama cheti chake juu ya mlango. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekunywa chai akakuta nzi chini ya kikombe.

*

Jumamosi asubuhi baba yangu alikuja na pikapu yake kutoka Tumbe. Baba ni mchuuzi wa samaki, na gari yake hunusika kabla ya kuonekana. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu tu kwamba kuna fomu ya kutia saini.

Alidhani ni fomu ya mtihani. Kwa furaha hiyo alipitia Konde akaninunulia bajia.

Tulikaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu. Nilikula ya kwanza. Nilikula ya pili. Ya tatu nilikuwa nimekwisha kuitia mdomoni nilipoona, chini ya mafuta, maneno bata mzinga.

Bajia zilifungiwa ukurasa wa tatu.

Baba akaona ninavyoitazama karatasi. Akanieleza kwamba pale Konde mwenye duka la fotokopi ametoa nakala nyingi za ripoti, na muuza bajia kapewa rundo. Kila mteja anaomba afungiwe ukurasa wa tatu. Wa kwanza na wa pili hautakiwi na mtu.

Akanieleza pia yanayosemwa. Kwamba jambo lililofichwa tangu Ramadhani ni hili. Hapana, ni lile. Mmoja ana shangazi yake hospitali. Mwengine alimwona msichana mwenyewe akitapika, au alimwona mtu anayefanana naye. Haya siyaandiki. Lililonitia kinyaa zaidi si maneno. Ni kwamba, kwa jinsi Baba alivyosimulia, wote walikuwa wakitafuna.

"Maskini ntoto wa watu," akasema Baba, akachukua bajia.

Nikamwambia.

Sikupamba. Nilisema mdahalo, nikasema redio, nikasema sabini na saba, nikasema bata. Nilipomaliza Baba alikuwa ameacha kutafuna. Alitema alichokuwa nacho kwenye kiganja, akakirudisha ndani ya karatasi, akaifunga karatasi vizuri kama ilivyokuja.

"Mie nauza samaki, Khatib," akasema. "Samaki akinioza nawatupia kunguru. Wee nikakutupe wapi?"

Nikafuta mafuta ya bajia kwenye suruali.

"Lete hiyo fomu," akasema.

*

Bwana Hamzah alikuwa bado yupo skuli, akisubiri boti ya Jumatatu. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye fulana nyeupe yenye picha ya kufuli kifuani, na alitupokea kwa furaha kwa sababu, kwa maneno yake, mimi nilikuwa mtu wa kwanza Pemba nzima kuomba taarifa zake kupitia mfumo wake. Nadhani alitaka kunipiga picha.

Mwalimu Saada akakagua saini ya Baba. Baba akavua kofia, akakaa, chumba kikajaa harufu ya samaki. Bwana Hamzah akafungua dirisha kwa adabu.

Wakati kompyuta ikiwaka, alimweleza Baba jinsi majina yanavyofutwa. Mfumo unalitambua kila jina la mtu na kulitoa. Wamejaribu kwa maelfu ya maandishi. Asilimia mia moja.

Baba akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza kama anajua skuli hii ina akina Khamis Juma Khamis wangapi.

Bwana Hamzah hakujua.

"Wanne," nikasema mimi. "Dakhalia yetu peke yake wawili."

"Sasa mie nikija langoni nikasema namtaka Khamis Juma Khamis, n'tapewa nani?" akasema Baba. "Jina ni la cheti, bwana. Kwetu ntu aulizwa wa wapi, wa kwa nani. Akishajibu hayo, jina la nini tena?"

Bwana Hamzah akatabasamu, akasema hiyo ndiyo sababu mfumo, unapoanza, humwambia kila mwanafunzi: jitambulishe bila kutaja jina.

"Nasi tukatii," nikasema.

Niliona jambo lenyewe likimfikia polepole. Watoto mia mbili na zaidi, kila mmoja amekaa mbele ya kishikwambi, ameambiwa ajitambulishe bila jina, na kila mmoja amejibu kama alivyofunzwa kumjibu mgeni mlangoni: kijiji, baba, kazi ya baba. Mashine ikafuta akina Khamis wote, ikabakisha mapito ya kufikia kila nyumba.

"Hizo ni taarifa za mazingira," akasema Bwana Hamzah. "Si utambulisho." Lakini alitoa daftari, akaandika kitu. Nilichungulia. Aliandika: changamoto ndogo.

Kisha akaifungua sabini na saba.

Ilikuwa nusu ukurasa. Makangale ilikuwapo. Mashine ya mbao ilikuwapo. Bata alikuwapo, na saa yake, na utani mwengine ambao mbele ya Baba ulionekana umeandikwa na mtu mgonjwa. Jumanne, saa nne na robo.

Mwalimu Saada akavuta pumzi. Nami nikaanza kujiona mtu mwema. Sasa Mzee Nabhan ataoneshwa ushahidi, mimi nitafukuzwa, Rumaitha atafanya mtihani, na gazeti litakosa hadithi.

Halafu nikaona kilichokosekana.

Yale ya kukataa ndoa hayakuwamo. Jambo la Ramadhani halikuwamo. Sikuyaandika mimi. Siku zote mbili nilizokuwa nikijichukia, nilijichukia kwa haraka mno hata sikukumbuka kusoma nilichoshtakiwa.

"Haya mengine yametoka wapi?" akauliza Mwalimu Saada.

"Ah," akasema Bwana Hamzah, akachangamka tena. "Hapa ndipo mfumo ulipo na akili. Ukiwaona watu wawili wamejieleza sawasawa, unatambua kuwa ni mtu mmoja aliyetumia nambari mbili, unawaunganisha. Sabini na saba imeunganishwa na thelathini na moja."

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kusaidia, akaigeuza kompyuta upande wangu na kuifungua thelathini na moja.

Nilisoma mistari mitatu kabla Mwalimu Saada hajaubamiza mfuniko, nusura abane vidole vya mtaalamu.

Msomaji, najua unachosubiri. Hutakipata. Nitakwambia tu kwamba silo lile unalolifikiria, wala lile la Konde. Lilikuwa dogo na safi, na lilikuwa la mtu mmoja. Nililisoma huku nikisikia harufu ya bajia kwenye vidole vyangu.

*

Mwalimu Saada alisema kwamba mtu ambaye faili lake limeonwa na asiyehusika lazima aambiwe. Alitoka mwenyewe kumwita.

Tulisimama barazani, nje ya chumba cha ushauri, Rumaitha na mimi, Mwalimu hatua nne pembeni akijifanya anasoma tangazo la usafi. Rumaitha alikuwa amefunga ushungi wake kama siku zote, hakuna unywele nje, na alinitazama kama alivyonitazama kwenye mdahalo kabla ya kunimaliza.

"Umesoma mistari mingapi?"

"Mitatu."

"Ipi?"

Nikamwambia. Akafumba macho, akayafumbua.

"Na bata ni wewe."

"Ni mimi."

"Pale ukumbini nilicheka," akasema. "Kidogo tu. Kabla sijajua kuwa ni mimi ninayesemwa."

Nilitamani anitukane. Badala yake nikamweleza mpango wangu, niliokuwa nimeutunga ndani ya dakika kumi na kuuona wa kishujaa. Nitamwambia Mzee Nabhan kwamba yote niliyaandika mimi. Bata, ndoa, Ramadhani, yote. Faili langu linaonesha saa na siku, atasadiki.

"Nani kakuomba?"

"Nataka kukusaidia."

"Mashine ilitaka kunisaidia. Mwalimu Mkuu alitaka kunisaidia. Kila anayetaka kunisaidia anayachukua maneno yangu bila ya kuniuliza." Sauti yake haikupanda. "Wewe sema lako. Langu usiliseme, wala usilifanye lako. Baba nitamwambia mwenyewe, siku nitakayoitaka, kwa mdomo wangu. Nikishamaliza mtihani."

"Na akiuliza yaliyobaki ni ya nani?"

"Nyamaza. Utaweza?"

Miaka minne ya dakhalia, hakuna aliyewahi kunipa kazi ngumu kama hiyo.

Kisha akamgeukia Mwalimu Saada na kuuliza kama anaweza kutaka faili lake lifutwe. Mwalimu akasema anaweza, isipokuwa mzazi...

"Nimetimiza kumi na minane mwezi uliopita," akasema Rumaitha. "Nipeni fomu."

Alitia saini akiwa amesimama. Bwana Hamzah akabonyeza, akabonyeza tena, akatuonesha: nambari thelathini na moja, hakuna kumbukumbu.

"Imefutwa?" akauliza Mwalimu Saada.

"Imefutwa."

"Kila mahali?"

"Faili limefutwa," akasema Bwana Hamzah, na Mwalimu akaandika tarehe na saa. Leo najua kwamba hilo halikuwa jibu la swali aliloulizwa. Siku ile nililala usingizi mzuri, na hilo pia linanitia kinyaa.

*

Jumapili lori lilifika saa tatu asubuhi, lina vumbi la mbao mpaka kwenye vioo.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilijaa. Alikuwapo yeye mwenyewe, Mwalimu Saada, na Bwana Hamzah na mkoba wake. Baba yangu alikuwa amesimama karibu na mlango kwa sababu hakutaka kukikalia kiti cha mtu na nguo zake za kazi. Sanduku la Rumaitha lilikuwa tayari kwenye kizingiti, limefungwa kamba. Yeye mwenyewe alisimama kando yake.

Mzee Nabhan aliingia na Qais, binamu mwenyewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Konde. Sikuwahi kumwona. Alikuwa na shingo ndefu kidogo. Alivaa saa. Nikatazama sakafu.

"Mwana wa nani wee?" akaniuliza Mzee Nabhan.

"Wa Tumbe. Wa kwa Hamdan wa pikapu."

"Namjua babako. Ntu mwema." Akampa Baba salamu kwa mkono wake wa kulia, ambao kidole cha shahada kiliishia katikati, kazi ya msumeno. Baba alipokea ule mkono bila kuinua macho. Afadhali wangenichapa wote wawili.

Nikasema langu. Nilisema kila neno nililoandika, mpaka saa ya mkononi. Mwalimu Saada akaweka mezani karatasi ya sabini na saba, yenye saini ya Baba chini.

Hakuna aliyecheka. Qais alivua saa yake polepole, akaitia mfukoni. Sijapata kuona kitu kinachoniaibisha kama kile, na nimewahi kukamatwa juu ya paa la jiko la skuli nikiwa na sufuria.

"Bata ni lako," akasema Mzee Nabhan. "Nimesikia. Na la Ramadhani?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza wee."

Nikanyamaza. Nilihesabu vigae vya sakafu. Vilikuwa kumi na tisa, kimoja kimevunjika. Nilisikia jinsi kunyamaza kwangu kunavyojibu kwa niaba yangu, na sikuwa na namna ya kulizuia jibu hilo.

Mzee Nabhan akamgeukia mwanawe. "Basi ni lako."

"Ni langu, Baba," akasema Rumaitha. "Nipe wiki tatu. Siku nikitoka chumba cha mtihani nitakaa mbele yako nikwambie neno kwa neno. Siyo lile wanalolisema watu. Lakini nitalisema mimi."

Mzee Nabhan alilitazama sanduku. Akalitazama lori dirishani. Akamtazama mwanawe kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayelipima gogo kabla ya kuamua likatwe wapi.

"Wiki tatu," akasema, akijisemea mwenyewe.

Nilimwona Mwalimu Mkuu akilegea kitini. Qais akasema taratibu, Ami, wiki tatu si nyingi. Mkono wa Mzee Nabhan ulikwenda kwenye kamba ya sanduku, na mpaka leo naamini alikuwa anakwenda kuifungua.

Hapo Bwana Hamzah akakohoa.

Alisema asingependa wazazi waondoke na wasiwasi juu ya mfumo. Alisema taarifa za binti zimefutwa kisheria, hazipo, na yuko tayari kumthibitishia Mzee hapa hapa. Alisema hayo akifungua mkoba.

"Bwana Hamzah," akasema Mwalimu Saada, "usiiwashe."

Alikwisha kuiwasha. Kishikwambi kilikaa juu ya meza, juu ya karatasi yangu, na spika yake pembeni.

"Karibu," ikasema sauti ya kike, laini, ya mtu wa mjini. "Mimi ni Msiri. Jitambulishe bila kutaja jina."

"Muulize chochote, Mzee," akasema Bwana Hamzah. "Atakwambia hana analolijua."

Mzee Nabhan aliinama juu ya meza. Hakuwahi kusemezana na mashine isiyo na meno. Lakini alikuwa ameulizwa swali la kistaarabu, naye akalijibu kama wanavyolijibu watu wote wa kisiwa hiki.

"Mie wa Makangale," akasema. "Kwa mwenye mashine ya mbao."

Kiduara cha bluu kikazunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Rumaitha alielewa kabla yangu. Nilimwona akishika mwimo wa mlango.

"Karibu tena," ikasema Msiri. "Nimefurahi kukusikia. Mara ya mwisho uliniambia mambo mawili."

Bwana Hamzah akawa mweupe kama fulana yake. "Faili nililifuta," akanong'ona. "Nililifuta faili."

Mwalimu Saada alinyoosha mkono kukitwaa kile kitu. Mkono wa Mzee Nabhan ulitangulia. Ule mkono wenye kidole kifupi ulikaa juu ya kishikwambi, mzito.

"Iacheni," akasema. "Iseme."

Mambo mawili. La mchumba, lenye bata wangu ndani yake, na lake la Ramadhani. Nimefanya utani mwingi katika maisha yangu na kila mara nimeomba usinifikie. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuomba utangulie. Bata, nilisema moyoni. Anza na bata.

"Jambo la kwanza," ikasema mashine, kwa upole uleule, "ulilianza kwa kunitaka nikuahidi kwamba sitamwambia baba yako."